Zawadi Maana Yake Sumu

Lugha ngeni kabisa sina ugomvi nayo. Mfini akinisemesha Kifini siambulii hata neno, naye anajua siambulii, basi tunachekeana kidogo na kila mtu anakwenda zake salama. Wanaonikera ni jamaa wa karibu. Kiswidi, Kidenishi na Kinorwe ni ndugu wa damu wa Kiingereza, na mtu aliyesoma Kiingereza akitupia jicho gazeti la hapa Malmö anaona sura anazozifahamu zimejaa ukurasa mzima. Anafurahi. Anasogea kusalimia. Hapo ndipo anapoibiwa.

Na Kiingereza chenyewe sikukiokota njiani. Shuleni kwetu ukinaswa unazungumza Kiswahili ndani ya uzio ulivishwa kibao shingoni, ukakaa nacho mpaka umnase mwenzako, na atakayekutwa nacho jioni ana miadi na mwalimu wa zamu. Mateso yote yale tuliambiwa ni mtaji: ukijua Kiingereza utafika popote. Sawa, nimefika. Na Waswidi karibu wote wanakijua, kuanzia dereva wa basi mpaka bibi anayeuza maua. Ila mabango hayakijui. Barua za kodi hazikijui. Mabomba ya jikoni, kama nitakavyoeleza, hayakijui hata kidogo.

Mwisho wa Mei alikuja shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayefundisha Kiingereza sekondari moja ya Tanga. Ni mtu mwema, mcha Mungu, anatembea na kidaftari mfukoni na miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nilipompokea uwanja wa ndege nikamwonya mapema kwamba lugha za huku zina mitego. Akanipiga begani.

"Shem, Kiswidi ni Kiingereza kilichopigwa na baridi. Niachie mimi."

Nikamwachia.

Bango lililomnyamazisha kwa mara ya kwanza lilikuwa kwenye dirisha la duka la viatu, karatasi nyekundu yenye herufi kubwa kama vichwa vya watoto: SLUTREA. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Herufi zile nne za mwanzo, kwa Kiingereza, ni tusi la mwanamke mhuni, tusi ambalo mwanafunzi wake akilitamka yeye huita mzazi. Kwa Kiswidi ni "mwisho" tu. Punguzo la bei la mwisho wa msimu, basi. Kituo cha mwisho cha treni ni neno hilo hilo, na bidhaa iliyokwisha dukani inaandikwa "slutsåld", ambalo kwa jicho la mwalimu wa Kiingereza ni tangazo la biashara ambayo ingepaswa kufanyika usiku.

"Shem," akanong'ona, "na serikali inajua?"

Mbele kidogo tukakuta maegesho ya magari. Geti la kuingilia limeandikwa "Infart", la kutokea "Utfart". Kwa Kiswidi "fart" ni mwendo, kasi. Kwa Kiingereza ni ule mlio ambao mtu mzima ukimponyoka mbele za wakwe huanza kumtazama paka. Matuta ya barabarani yanaitwa "farthinder", na shemeji alisimama mbele ya bango lake kwa muda, nadhani akitafakari jinsi tuta linavyoweza kuzuia jambo kama lile. Wenyewe hawaoni kitu. IKEA, ambayo chimbuko lake ni Uswidi, iliwahi kuuza meza ya ufundi ya watoto iliyoitwa Fartfull. Walimaanisha yenye kasi. Wanaojua Kiingereza hawakuelewa hivyo.

Hayo lakini ni ya kuchekesha tu, hayamdhuru mtu. "Barn" huku ni watoto wala si ghala la mkulima, "bra" ni nzuri wala si sidiria, "glass" ni aiskrimu, "kiss" ni mkojo, na aliyeshiba akishika tumbo akasema yuko "full" amewatangazia wenyeji wake kwamba amelewa. Shemeji alilitangaza hilo nyumbani kwa mchungaji wetu, Mswidi mstaarabu sana. Mchungaji hakusema kitu, alisogeza tu jagi la juisi ya zabibu upande wa pili wa meza.

Yanayonipandisha presha ni yale yaliyogeuka kabisa, yanayokwambia ndiyo kwa sauti ya hapana. Chukua "eventually" ya Waingereza. Hiyo ni ahadi. Inachelewa, inazunguka, lakini hatimaye jambo litakuwa. Sasa vuka bahari uikute "eventuellt" ya Waswidi, imevaa nguo zile zile, na maana yake ni huenda. Huenda ikawa, huenda isiwe, usiniwekee chakula.

Sinki letu la jikoni liliziba. Wanaotupangisha nyumba wakatuma ujumbe kwamba fundi atapita, "eventuellt" siku ya Ijumaa. Mimi nilikuwa kazini, ujumbe ukapokelewa na shemeji, akautafsiri mbele ya familia kwa sauti ya darasani: "Hatimaye, Ijumaa, fundi atakuja." Mke wangu akaomba ruhusa kazini. Akakanda unga wa maandazi tangu alfajiri, kwa sababu kwao Tanga fundi hafungui hata mkoba wa vyombo kabla hajaona birika. Ijumaa ikapita. Maandazi tuliyala wenyewe mpaka Jumapili, vyombo tukavioshea bafuni, na Jumatatu nilipopiga simu niliambiwa kwa upole mkubwa kwamba wao walisema huenda. Kwa kweli walisema. Sisi kwetu fundi anasema "inshallah", neno linalobeba maana zote mbili kwa pamoja, na kila mtu anajua wajibu wake: unamsubiri huku unamtafuta fundi mwingine.

Halafu wakaniongezea kwamba anayepanga ratiba za mafundi yuko kwenye "semester".

"Anasoma!" shemeji akafurahi kweli kweli. "Unaona wenzetu? Mtu mzima, ana kazi yake, bado anajiendeleza. Tumvumilie."

"Semester" kwa Kiswidi ni likizo. Muhula wa masomo wanauita "termin". Neno linalomfungia mwanafunzi wa Kiingereza maktabani ndilo linalomfungulia Mswidi mlango aende ziwani akalale kifudifudi juu ya gati. Sheria inampa kila mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, na mwezi wa Julai unaweza kuapa kwamba nchi nzima imezichukua kwa mkupuo. Ukiugua jino Julai, jikaze. Sinki likiziba Julai, zoea bafu. Na shemeji kila aliponiona natoka bafuni na sufuria alinikumbusha kwamba elimu haina mwisho.

Mfalme wa maneno yote haya, hata hivyo, ni "gift", na huyu aliingia mpaka ndani ya nyumba yangu.

Binti yetu anaitwa Zawadi. Tulimngoja sana, ndiyo maana. Yuko darasa lile la awali la watoto wa miaka sita, Kiswidi chake ni cha Malmö kabisa, kile cha kooni, na Kiswahili chake kina matobo ambayo mjomba wake aliapa kuyaziba. Jioni moja mjomba mtu akamweleza maana ya jina lake, na kwa kuwa ni mwalimu, akamalizia kwa Kiingereza: Zawadi maana yake "gift". Mtoto akalishika. Kesho yake shuleni walikaa duara, kila mmoja aeleze maana ya jina lake. Mmoja jina lake lilikuwa dubu, mwingine nuru. Zamu ilipomfikia binti yangu akasema kwa Kiswidi safi, bila kutetereka, kwamba Zawadi maana yake ni "gift".

Kwa Kiswidi, "gift" ni sumu. Hiyo hiyo, herufi kwa herufi, pia ni aliyeoa au kuolewa. Kwa hiyo nusu ya watoto walitaka kujua ameolewa na nani, na mvulana aliyeketi naye bega kwa bega akaomba abadilishiwe kiti.

Alirudi nyumbani ametuna. "Mjomba, mimi ni sumu?"

"La hasha, mwanangu. Wewe ni zawadi."

"Ndivyo nilivyosema!"

Mjomba akaenda kuketi barazani na kidaftari chake. Ningemwonea huruma, lakini siku hiyo hiyo alikuwa ameniuliza kwa nini Waswidi wana ofisi ya kitaifa ya kutoa taarifa kuhusu zawadi. Alikuwa amekuta jina Giftinformationscentralen kwenye kikaratasi kabatini, chini ya sinki, na akapanga kuwapigia awaulize watu wa huku wanapenda kupelekewa nini kutoka Tanga. Ile ni huduma ya ushauri wa sumu. Unaipigia mtoto akinywa sabuni.

Ukichimba, lakini, neno lenyewe halina kosa. Limetokana na kutoa. Bibi harusi hutolewa na wazazi wake, kwa hiyo ameshakuwa "gift". Mali anayotoka nayo kwao Waswidi wanaiita "hemgift". Na sumu ni kitu unachompa mtu, jina la adabu tu, kama dozi, ambayo nayo kwa Kigiriki ilikuwa kutoa. Waingereza wa kale walikuwa na neno la ukoo huo huo, na kwao lilihusu mahari. Kisha, kuanzia karne ya 9, Waskandinavia wakahamia kwa wingi mashariki mwa Uingereza, wakakaa, wakaoa, na wakawaachia Waingereza matamshi yao ya neno hilo pamoja na mengine mengi, hata "knife" na "husband". Wao Waingereza wakabaki na upande wa tunzo, Waskandinavia wakabaki na ndoa na sumu. Mahari, ndoa, sumu: mimi ni mtu niliyeoa, sioni palipokosewa mpangilio. Nilimwambia hivyo mke wangu. Sinki lilikuwa bado limeziba, nikaosha vyombo peke yangu wiki nzima.

Kama unadhani Kiswidi kinatosha kukutoa jasho, panda treni uvuke daraja la Öresund, lile refu la karibu kilomita nane lililofunguliwa mwaka 2000, uende Copenhagen. Ni nusu saa tu na ushei. Kule Wadenishi wamegeuza hata yale ambayo Waswidi walikuwa wameyaacha yamesimama. "Rolig" kwa Mswidi ni mtu wa kuchekesha. Kwa Mdenishi ni mtulivu. "Frukost" ya Waswidi ni kifungua kinywa, "frokost" ya Wadenishi ni chakula cha mchana. Ndugu yetu mmoja Mkongo tunayesali naye alialikwa "frokost" na familia ya Kidenishi, siku ya Jumamosi, na Mkongo akialikwa havai kienyeji. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwa watu na suti ya rangi ya samli na viatu vinavyong'aa. Mwenyeji alifungua akiwa na shuka. Na kuna "grine", ambayo Mdenishi akiifanya anacheka na Mnorwe akiifanya analia, halafu hawa wawili wanakwambia wanaelewana bila mkalimani. Sijui msibani wanafanyaje.

Kati ya yote yaliyoko upande ule wa daraja, nayapenda mawili, kwa uchungu. Mwingereza anayesema "oversee" anasimamia kazi, jicho lake liko juu ya kila mtu. Mdenishi na Mnorwe wakisema "overse" jambo limewapita, hawakuliona. Mwingereza akisema "overhear" amesikia maneno ambayo hayakumhusu. Mdenishi akisema "overhøre" hakusikia, au amejifanya hakusikia, ingawa yalimhusu. Fikiria basi Mswahili anaandika barua ya kuomba kazi Copenhagen, anatafsiri kutoka kichwa chake cha Kiingereza, anajisifu kwamba kwa miaka kumi alikuwa ndiye mwenye "overse" wafanyakazi wote wa bohari. Mdenishi anasoma kwamba bwana huyu kwa miaka kumi hakuwaona. Niliwahi kufanya kazi chini ya wasimamizi kadhaa, kwetu na huku. Tafsiri ya Kidenishi ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Saa nazo sitaziacha. Mwingereza akikwambia "half three" anamaanisha saa tatu yao imepita na nusu. Mswidi akisema "halv tre" yuko nusu saa kabla ya hiyo tatu, yaani imebaki nusu ifike. Tofauti ni saa nzima, kwa maneno yale yale mawili. Sasa ingiza ndani yake nyumba ya Waswahili, ambamo muda huo Mswidi anaoutaja ni saa nane na nusu mchana, na ambamo "tatu na nusu" ni asubuhi watu wakinywa chai. Mtoto ana miadi ya daktari wa meno. Mke wangu ameiandika kwenye jokofu kwa Kiswidi, ameitangaza kwa Kiswahili, na anayempeleka mtoto ni kaka yake anayefikiri kwa Kiingereza. Daktari wa meno alitoza faini ya kutofika. Shemeji alitaka kukata rufaa. Wadenishi wamekwenda mbali zaidi, wameiingiza nusu hiyo kwenye hesabu: hamsini yao ni "halvtreds", maana yake nusu ya kufikia tatu, mara ishirini. Mbili na nusu mara ishirini. Ukinunua ndizi sokoni Copenhagen unarudishiwa chenji na zoezi la hesabu.

Ila iliyomvunja shemeji haikuwa saa, ilikuwa njia.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni mzee wa Kiswidi aliyestaafu, mkavu kama ufito, ambaye hutembea kila siku mvua au jua. Alimpenda shemeji kwa sababu alikuwa mtu pekee katika jengo aliyekuwa tayari kusimama kwenye ngazi na kuzungumza. Jumamosi moja akamwalika matembezi ya ufukweni, na akamtoa wasiwasi kuhusu umbali: "bara en halv mil". Mzee alichanganya Kiswidi na Kiingereza, kama wanavyofanya wakimpenda mtu. Shemeji alipandisha ngazi akicheka. Nusu maili! Mita mia nane, alipiga hesabu, toka nyumbani kwao mpaka stendi ni zaidi ya hapo. "Na kaniambia ni bara, shem, siyo visiwani." Akavaa viatu vyake vyeusi vya harusini, vile vyenye ncha, kwa kuwa mtu akialikwa na mzee havai ndala.

"Bara" kwa Kiswidi ni "tu". Na "mil" ya Waswidi siyo maili. Ni kilomita kumi kamili, imekuwa hivyo tangu walipoingia kwenye vipimo vya mita mwishoni mwa karne ya 19. Nusu yake ni kilomita tano, na hapo mzee hakuwa amehesabu kurudi.

Waliondoka baada ya chai. Nilikuwa dirishani waliporudi. Mzee alitangulia, mikono nyuma, hajabadilika hata rangi ya uso. Shemeji alikuwa nyuma yake kama hatua hamsini, kiatu kimoja mkononi, kingine mguuni, anachechemea upande upande, na hata hivyo ameshika adabu: kila mzee alipogeuka kumtazama, alivaa kile cha mkononi. Tulimwekea miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mke wangu alimbandika plasta bila kusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko matusi. Mzee akagonga mlango kesho yake kuuliza kama rafiki yake yuko tayari kwa "en mil" nzima. Shemeji alinitazama. Nikamwambia hiyo moja aitafsiri mwenyewe.

Tangu siku hiyo alikiweka Kiingereza pembeni, akaamua kusikiliza Kiswidi kwa masikio ya Kiswahili, akidhani huko ni salama. Wapi. Kwenye chai kazini wanakutolea "kaka", ukigeuka hakuna ndugu yako, ni biskuti. Kwenye treni unasikia mtu anataja "hela" mara tatu katika sentensi moja, unashika mfuko, kumbe anasema nzima: siku nzima, wiki nzima, maisha yangu mazima. Na kuna hili ambalo hata mimi sijalizoea: Mswidi mwenye "sina pengar" ana pesa zake mwenyewe, za kwake, hazidaiwi. Nimelisikia neno la kwanza tangu utoto wangu kila nilipoomba nauli, na sikuwahi kuona mtu akilitamka huku anahesabu noti.

Viza ya shemeji ilipoisha katikati ya Agosti alirudi Tanga na kidaftari kimejaa. Fundi wa sinki alikuja siku iliyofuata. Nikadhani sasa nitapumzika, na ningepumzika kama si jamaa ninayefanya naye kazi, kijana wa Umeå, kaskazini kabisa. Kijana huyu anajifunza Kiswahili kwa bidii kwa sababu anataka kupanda Kilimanjaro, na matamshi yake ni mazuri kiasi cha kutisha. Tatizo lake ni moja tu, nalo si neno. Watu wa kwao hawasemi ndiyo. Wanabana midomo na kuvuta pumzi ndani kwa ghafla, "shup", na hiyo ndiyo ndiyo. Ndiyo ya upole na ya heshima. Ukimuuliza amekula, shup. Ukimuuliza anakuja kesho, shup.

Nina haja ya kumweleza msomaji wa Tanga sauti hiyo kwetu ni nini?

Alikuwa kwetu Jumapili, chai mezani, na mama mkwe akapiga simu ya video kutaka habari za mjukuu. Akamwona mgeni. Akafurahi kusikia anajua Kiswahili, akasogeza uso mpaka tukaona mtandio tu na pua.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba! Mungu akubariki. Na hapo kwa mwanangu umekaribishwa vizuri?"

"Shup," akasema kijana, akitabasamu.

Mama mkwe akarudi nyuma taratibu mpaka uso wote ukaonekana. "Labda sikusikia. Nimeuliza, umekaribishwa vizuri?"

"Shup, shup."

Simu ilikatika. Mke wangu alizungumza na mama yake nusu saa chumbani na mlango umefungwa, na hukumu ikaja jioni kupitia kwa shemeji, ambaye sasa ndiye mtaalamu wa Uswidi wa ukoo mzima: mama ameketi kwake, amepigiwa simu, amesonywa mara tatu na mtoto mdogo mbele ya mjukuu wake. Nilijaribu kueleza kwamba ni mimi niliyepigiwa. Halikusaidia. Nikaeleza habari za Umeå. Shemeji akasema ameshamweleza, na mama amejibu kwamba hakuna nchi ambayo watu husonya kwa heshima, na kama ipo basi binti yake arudi nyumbani.

Kijana alisikitika sana, na kwa kuwa ni mtu wa vitendo akataka kujua kwetu mtu anaombaje radhi. Mke wangu akamwambia doti ya khanga ingetosha. Hakutusubiri. Alimpata muuzaji wa Dar kwenye simu, akachagua mwenyewe doti ya manjano yenye korosho nyeusi, nzuri haswa, akailipia na usafiri mpaka mlangoni kwa mama. Picha alinionyesha mzigo ulipokuwa umeshafika. Rangi alikuwa amezitazama kwa makini. Maandishi ya khanga alidhani ni jina la kiwanda.

Ujumbe wa sauti wa mama mkwe nilioupata usiku huo ulikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa tulivu, ile "rolig" ya Wadenishi. "Baba Zawadi, mzigo nimeupata. Mwambie huyo mwenzako kwamba ile siku nilikuwa na shaka kidogo, nikasema pengine ni mtandao. Sasa sina shaka. Safari hii amenisonya kwa maandishi."